Kambare Asiyepita Kiwiko

Pa! Kimya. Pa!

Dokta alisimama kabla hajakata kona ya kuingia soko la samaki. Mtu aliyelelewa nyuma ya meza ya samaki hulijua panga la mama yake kama wengine wanavyoujua mlio wa mlango wa kwao, na panga la mama yake halikuwa na desturi ya kunyamaza. Siku zote liliimba pa-pa-pa-pa, na kambare mzima aligeuka vipande vya kukaanga kabla mteja hajamaliza kulalamika. Leo lilipiga mara moja, likatulia, likapiga tena, kama mtu anayebisha hodi ukweni.

Pa! Kimya. Pa!

Akakata kona. Mama yake, ambaye soko zima lilimwita Bi Panga na mwenyewe akaitika, alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya vigae na aproni ya plastiki imemfika magotini. Mbele yake alilala kambare mkubwa mwenye sharubu za kustahili uwaziri. Bi Panga akamkagua kwa jicho moja. Pa! Kichwa kikaruka kwenye beseni la kushoto. Pa! Mkia ukaenda la kulia. Kilichobaki katikati kilikuwa kigogo kinene cha nyama. Akakinyanyua kwa mikono miwili na kupaza sauti:

"Twiga! Lete mkono!"

Twiga alikuwa mpagazi wa soko, mrefu hivi kwamba mvua ikinyesha yeye ndiye aliyewapa wenzake habari. Akaja, akaulaza mkono wake juu ya meza. Bi Panga akakilaza kigogo pembeni yake, kuanzia ncha ya kidole. Kikaishia mbali na kiwiko, na nafasi ikabaki ya kuweka perege.

"Hajapita!" Twiga akatangaza kwa sauti ya mwamuzi wa mpira.

"Hajapita!" meza za jirani zikaitikia, na mteja akafungua mfuko wake kwa furaha.

Dokta akajishika kichwa. Ili ieleweke kwa nini kijana wa watu alitamani ardhi immeze palepale, kwenye maji ya samaki na magamba, lazima ielezwe habari ya wimbo.

Kwanza, Dokta hakuwa daktari. Hilo jina alilipewa na soko kwa kejeli siku alipoajiriwa, likamganda. Alikuwa mpimaji kwenye kituo cha kupima samaki wa mtoni: chumba kirefu chenye majokofu, mizani, na blenda ambayo haikuwahi kuonja juisi. Kazi yake ilikuwa kupokea samaki waliovuliwa sehemu mbalimbali za mto, kuwapima urefu na uzito, kukata kipande cha mnofu, kukisaga mpaka kiwe uji, kisha kutia tone la uji huo kwenye mashine iliyouchoma na kusema una zebaki kiasi gani. Zebaki ilitoka juu kule, kwa wachimba dhahabu. Ilishuka na maji, ikalala kwenye tope. Vidudu vikala tope, samaki wadogo wakala vidudu, na kambare, mlafi asiyejua neno nimeshiba, akawala wote hao na zebaki yao.

Perege na dagaa walitoka kwenye mashine na majibu ya kuridhisha. Kambare vijana, si haba. Lakini kambare wakubwa, wale wazee wa mto, kila mmoja alikuwa ghala la zebaki linaloogelea. Mtu mzima akila kipande mara mojamoja haimdhuru. Wa kuogopewa ni mtoto aliye tumboni, kwa sababu ubongo wake ndio kwanza unajengwa, na zebaki ni fundi mbaya sana wa kumkaribisha kwenye ujenzi.

Mkuu wa kituo, mtu aliyevaa tai hata jua likiwa la kukaanga mayai, aliandika tangazo: "Wananchi wanahimizwa kuzingatia ulaji wa wastani wa samaki wa jamii ya kambare waliovuka vipimo elekezi."

Dokta alilisoma akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Samahani, Mkuu. Mjamzito akifika mwisho wa hii sentensi atakuwa ameshajifungua."

"Andika wewe basi, mjuaji," Mkuu akamjibu.

Dokta akaandika. Hakuhitaji hata karatasi. Alikuwa anasuuza blenda, na maneno yakamjia mdomoni yamevaa nguo zao kabisa:

*Kambare akipita kiwiko,*
*kwa mjamzito ni mwiko!*

Kwa vipimo vyake mwenyewe, kambare aliyetoshea kati ya ncha ya kidole na kiwiko alikuwa bado kijana asiye na madhambi mengi. Gari la matangazo likazunguka mitaa yote na wimbo ule. Wasichana wakaurukia kamba. Walevi wakauimba wakitoka kilabuni, ingawa hakuna mwenye mimba kati yao. Mkuu akapongezwa na wakubwa zake, naye akasahau kidogo nani aliutunga. Dokta hakujali. Alipita mitaani kifua mbele kama mtu aliyetunga wimbo wa taifa.

Na soko la samaki nalo liliusikia. Liliusikia vizuri kuliko alivyotaka.

"Mama, unafanya nini?" Dokta akauliza, akiwa ameshafika mezani.

"Shikamoo imesagika kwenye blenda?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nafanya ulichosema." Bi Panga akamvuta kambare mwingine kwa sharubu. "Watu wengine wana watoto wanawaambia mambo hawasikii. Mimi mwanangu kasema kwenye spika, nimesikia."

"Yule uliyemkata alikuwa mrefu kama benchi!"

"Alikuwa. Saa hizi hamfikii Twiga kiwikoni. Sheria umetunga wewe."

"Na mkono wa Twiga ndio mkono wa kupimia?"

"Wimbo umesema kiwiko. Haukusema kiwiko cha nani. Ungetaka kiwiko chako hicho cha kifaranga, ungekitaja."

Meza za jirani zikapasuka kwa kicheko. Muuza perege wa upande wa pili, aliyeuza na kambare mmojammoja, akadakia: "Dokta, mwambie mama yako atuazime Twiga na sisi! Huku tunapimia mkono wa mume wangu, hasara tupu!"

"Mume wako mwenyewe hajapita," Bi Panga akamjibu bila kugeuka, na kicheko kikaanza upya.

Dokta hakucheka. Akalishika panga la mama yake kwenye mpini, kitu ambacho hakuna mtu sokoni aliyewahi kukifanya akabaki na jina zuri.

"Mama. Sumu haiko mkiani."

"Iko kichwani?"

"Haiko kichwani."

"Basi iko wapi, maana nimeshatupa pande zote mbili?"

"Kwenye mnofu. Hapo katikati ulipobakiza." Akashusha pumzi. "Urefu wenyewe si sumu. Urefu unatuambia umri. Samaki mrefu ni samaki aliyekula miaka mingi, na kila alichokula kimebaki nyamani mwake. Ukimkata unapunguza urefu, umri uko palepale. Ni sawa na kumnyoa babu ndevu halafu ukamwandikishe darasa la kwanza!"

Soko likacheka tena, hasa wenye babu. Bi Panga peke yake hakucheka. Aliliachia panga, na jambo hilo lilimtisha Dokta kuliko matusi. Mama yake akakitazama kigogo kilichokuwa juu ya vigae, kinene, chekundu, kizuri.

"Hapa katikati?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Hiki kipande chenyewe?"

"Hicho."

"Ndicho anachokula dada yako," akasema Bi Panga.

Dada yake Dokta alikuwa amekuja kukaa kwa mama mpaka ajifungue. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, tena iliyokuja baada ya miaka ya kusubiri na ya kuvumilia midomo ya mawifi. Mwanzoni Bi Panga alimpikia leo perege, kesho dagaa, maana alishasikia fununu kwamba mto umeharibika. Kisha wimbo ukatoka. Wimbo ukamtoa wasiwasi. Tangu hapo binti yake hakuonja samaki mwingine. Kila siku alikatiwa kambare bora wa meza nzima, akapimwa kwa mkono wa Twiga, akapikwa mchana kwa mchuzi na jioni kwa mafuta. Kambare aliyepita mtihani.

Dokta aliondoka sokoni na kipande cha kigogo kwenye mfuko, akienda mbio kama aliyekiiba.

Alimkuta dada yake ukumbini, miguu ndani ya beseni la maji, sahani juu ya tumbo. Tumbo lilikuwa limeshafikia hadhi ya meza. Kwenye sahani kulikuwa na vipande vya kambare vya kutosha kumliza mpimaji yeyote wa samaki.

"Dada, weka chini hiyo sahani. Halafu naomba nywele zako."

"Mdogo wangu, kama unaenda kwa mganga sema tu."

"Naenda kazini."

"Tofauti ni nini?"

Akamweleza. Alieleza vibaya, akianza katikati, akirudi nyuma, lakini dada yake alikuwa mwepesi kuliko maelezo. Kambare. Panga. Kigogo. Alipofika kwenye nywele, kwamba zebaki ikiingia mwilini hujificha ndani ya nywele zinapoota, na kwamba kifungu kidogo cha kisogoni kitasema amekula kiasi gani, dada akawa ameshainamisha kichwa.

"Kata. Usinitoe kipara lakini, shemeji yako alinipendea nywele."

"Shemeji alikuogopa tu, akaona bora aoe."

Dada akacheka. Kisha kicheko kikakatika. Mkono wake ukashuka tumboni na kubaki hapo.

"Amedhurika?"

"Sijui, dada. Ndiyo maana napima."

"Ukijua, uje uniambie. Hata kama ni baya. Uniambie kwa maneno ya kawaida, wewe bwana. Usije ukaniletea wimbo."

Dokta akaitikia kwa kichwa, akakata kifungu cha kisogoni na kukitia kwenye bahasha.

Kituoni alimkuta Mkuu amesimama mbele ya mabango mapya yaliyotoka kuchapwa: mkono mmoja mnene, kambare mmoja anayetabasamu, na wimbo chini yake kwa herufi nyekundu.

"Umefika wakati mzuri," Mkuu akasema. "Tunabandika nchi nzima."

"Hatubandiki, Mkuu." Dokta alikuwa ameshawasha blenda, kipande cha kigogo kikazunguka kikipiga kelele kama kinajitetea. Akapaza sauti juu ya kelele: "Sokoni wanawakata kichwa na mkia, wanapima kilichobaki! Kambare wa umri wa bibi yangu anauzwa kama kitoto!"

"Hilo ni kosa la wauzaji."

"Ni kosa langu. Nimewapa kipimo kinachokatika kwa panga, halafu nikawapa watu wenye mapanga."

Mashine ikauchoma uji wa kigogo na kutoa jibu. Lilikuwa jibu lilelile la wazee wa mto, bila punguzo la kichwa wala mkia. Mkuu akalitazama, akakohoa.

"Wakubwa wameupenda sana huu wimbo."

"Basi waje wakubwa wale hiki kigogo, wakishushie na wimbo!" Dokta akafungua bahasha na kutoa nywele. "Na sasa napima hizi."

"Hizo ni nini?"

"Dada yangu."

"Kijana, mashine hii ni ya samaki."

"Leo mchukulie dada yangu ni samaki, Mkuu. Mdomo anao."

Mkuu alifungua kinywa ili akatae, kama cheo chake kilivyomtaka. Halafu akakifunga. Aliitazama bahasha, akalitazama bango lenye kambare anayetabasamu, na mkono wake ukapanda polepole kwenye tai.

"Mama yako ndiye yule Bi Panga wa sokoni?"

"Ndiye."

"Mke wangu hanunui kwa mwingine. Anasema kambare wa Bi Panga wamepimwa." Tai ikalegea. "Tuna mjukuu nyumbani, ndiyo kwanza ameanza kula. Tunamsagia."

Mkuu akavuta kiti, akakaa kando ya mashine, goti kwa goti na mpimaji wake, wakaitazama taa yake ndogo kama watu wanaosubiri chai ichemke msibani. Dokta alizisafisha nywele, akazikata vipande vidogo, akazitia. Mashine ikanguruma. Wimbo wake mwenyewe ulikuwa ukimzunguka kichwani, kiwiko, mwiko, kiwiko, mwiko, na alitamani kuuvua kichwani kama kofia.

Jibu likatoka. Akalisoma. Akapima tena kifungu kilichobaki, akalisoma tena.

"Sema basi," Mkuu akamhimiza.

"Iko juu kuliko inavyotakiwa kwa mtu wa kawaida. Haijafika kwenye mstari wa hatari." Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Ilikuwa njiani, Mkuu. Ilikuwa inapanda. Akiacha sasa, itashuka yenyewe taratibu."

"Mpeleke kliniki na hilo jibu, wamwangalie." Mkuu akasimama, akayakunja mabango yote chini ya kwapa, na kambare anayetabasamu akakunjika naye. "Na tangazo liandike upya. Safari hii usitie vina."

Dada hakusubiri kuletewa. Dokta alimkuta sokoni, ametanguliwa na tumbo, amekalia kreti mbele ya meza ya mama yao, na Bi Panga amesimama nyuma ya vigae bila kushika chochote. Panga lilikuwa limelazwa kando. Hakuna aliyewahi kuiona mikono ya yule mwanamke mitupu saa za kazi, na majirani walikuwa wakiitazama kwa adabu, kama watu wanaotazama maiti.

Dokta akamwambia dada yake. Kwa maneno ya kawaida. Imepanda, haijafika pabaya, itashuka, kambare basi, kesho kliniki. Dada akasikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa upande wa khanga, akasema, "Haya. Nitakula perege mpaka niote mapezi." Kisha akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na kreti ikalia chini yake.

Bi Panga alitoa sauti ndogo. "Nilikuwa namkatia kile kizuri," akasema. "Vichwa nilikuwa nakula mimi."

"Najua, mama. Nilikukosesha mimi."

"Ulinikosesha kweli," Bi Panga akasema, na kidogo tu, rangi ikamrudia. "Tena kwa spika. Haya, panda hapo juu ukajirekebishe kwa ukubwa uleule."

Dokta akapanda juu ya kreti nyingine. Spika alikuwa ameiomba kwenye gari la matangazo, ikapiga mluzi mbaya mpaka soko zima likageuka.

"Wimbo nilioutunga una kasoro!" akasema.

"Hata sauti yako ina kasoro!" akajibiwa.

"Mwenye mimba, anayenyonyesha, na mtoto mdogo: kambare wasile. Mrefu wasile, mfupi wasile, mzima wasile, kipande wasile! Perege na dagaa wale washibe. Wengine wote, kambare mara moja kwa wiki inatosha. Kumkata kichwa hakumsafishi. Kumkata mkia hakumsafishi. Aliyewadanganya ni mimi."

"Liimbe basi, tulikariri!"

"Siimbi!"

"Na mimi mkono wangu nipeleke wapi?" Twiga akauliza kwa huzuni ya mtu aliyeachishwa kazi.

"Kajikunie mgongo," muuza perege akamwambia. Yeye mchana huo alikuwa na furaha kuliko wote, kwa sababu zilizo wazi.

Mteja mmoja akasogea mezani kwa Bi Panga, akaonyesha kigogo. Bi Panga akalishika panga, lakini hakulinyanyua.

"Nani anakula?"

"Mimi na mke wangu."

"Mkeo ana mimba?"

"Bi Panga, hayo ni mambo ya ndani!"

"Mambo ya ndani ndiyo nayouliza. Ana mimba, hana?"

Mteja akatazama viatu vyake. "Ya miezi michache."

"Nenda pale kwa jirani ukamchukulie perege. Wewe ukitaka kambare, nitakukatia kipande kimoja, ukile mbele yangu." Na soko likaangua kicheko ambacho mwenye mke alikibeba mpaka langoni, pamoja na perege wake. Tangu hapo, meza ile ikawa haipimi samaki tena. Ikawa inapima wanunuzi, na hakuna aliyekatwa mkia akapita.

Wateja walipopungua, Bi Panga alinawa mikono kwa sabuni na limau, akaikausha kwenye gauni, akaja mbele ya meza. Akachuchumaa pale kwenye kreti, magoti yakalia, akaweka viganja vyote viwili juu ya tumbo la binti yake. Tumbo likapiga teke. Bi Panga akalipiga kofi dogo la heshima.

"Sikiliza, wewe uliye humo ndani," akasema kwa sauti ya kutosha soko zima kuwa shahidi. "Mimi ndiye bibi yako. Mjomba wako unamsikia kelele zake, usimjali, ndivyo alivyozaliwa. Mimi nakuahidi hivi: wewe na mama yako, kambare hatawagusa midomo kutoka kwenye hili panga. Hata mkilia, hata mkitukana. Mpaka uje mwenyewe, uwe mkubwa, usimame hapa mezani unitazame machoni na kuniambia, bibi, nikatie. Siku hiyo nitakukatia wa mwaka huohuo, mdogo, mwenye kichwa chake na mkia wake. Na mjomba wako atampima kwanza, kimyakimya."

"Nitampima," Dokta akasema.

"Nimesema kimyakimya."

Dokta akanyamaza.

"Hiyo ndiyo ahadi yangu," Bi Panga akaliambia tumbo.